Safari ya Phinées katika Groupe ya Maombi

Kila mara Dyna ya buluu, gari yao ya mizigo, ilipotoka Butembo kwenda Beni, Mama Jokébed alikuwa anafunga mulango wa duka yake, anaingia nyuma ya magunia ya chumvi, anapiga magoti. Kisha anafungua, anarudi kupima sukari kama kawaida. Wateja walikuwa wamezoea. Wakikuta mulango umefungwa muchana, wanakaa pale kwenye ngazi, wanaambiana: "Phinées ametoka. Tungoje mama yake amalize na Mungu."

Phinées alikuwa mutoto wake wa kwanza, na ndiye aliyeendesha ile gari. Mupaka Beni mama alikuwa anapumua kidogo. Kutoka Beni kwenda mbele, Mavivi, Mbau, mupaka Oicha, pale alikuwa hapumui. Vita ilikuwa imebadilisha majina na makamanda tangu Phinées alipokuwa tumboni, lakini barabara ilibaki ile ile, na pori ilibaki kando yake. Watu walikuwa wanatoka katika pori na mapanga, wanarudi katika pori na watu. Nani aliwatuma, kila mutu alikuwa na maneno yake. Jokébed hakuuliza nani. Aliuliza tu kama gari imefika.

Duka yenyewe haikuwa kubwa: chumvi, sukari, sabuni, mafuta ya kupikia, biskuti za watoto, mishumaa. Aliianza pamoja na bwana yake, na bwana alipokufa aliishikilia na meno. Kazi ilikuwa hivi: Phinées anajaza gari kwa kukisia, anakwenda Beni, anakwenda Oicha, siku zingine anakata upande wa Mangina, na kila duka ndogo anasimama kuuliza wanahitaji nini. Kile hawahitaji kinarudi Butembo. Kulikuwa na katoni moja ya mishumaa iliyofika Oicha na kurudi mupaka Phinées akaipa jina. Aliiita Tantine, yaani Shangazi. "Tantine anaenda kusalimia famille," alikuwa anasema akiipakia. Na siku ya kurudi: "Tantine amerudi, famille inasalimia sana."

Watu wa duka walicheka. Hadassa, dada yake, hakucheka.

Hadassa alikuwa amefuata formation, mafunzo ya vijana juu ya maduka madogo na téléphone. Alirudi kule na maneno mengi, lakini siku ile alisema moja tu.

"Mama, tunatuma yaya Phinées barabarani kuuliza swali."

"Swali gani?"

"'Munahitaji nini?' Njo swali tu. Anapita fasi batu banakufia, juu ya kuuliza kama sabuni imeisha. Hiyo swali, téléphone inaweza kuiuliza."

Jokébed aliacha kupima. Hakuna mutu aliyewahi kumuambia neno ile hivyo.

"Na Marie-Jeanne wa Oicha?" akauliza. "Marie-Jeanne hajui kuandika."

"Atasema na mudomo. Audio."

"Na miye?"

"Weye tena, mama! Mudomo haikukukosaka hata siku moja."

Phinées alikuwa chini ya gari, miguu tu inaonekana. Miguu ikacheka. "Haya, Madame Directeur Général wa biskuti! Sasa miye nitafanya kazi gani? Nitapeleka chumvi katika WhatsApp?"

"Utapeleka ile baliomba tu. Na utaenda mara kidogo."

Neno "mara kidogo" ndiyo ilimushinda Jokébed. Akasema: "Anza kesho."

Hadassa alianza na vitu vichache. Alipiga picha ya kila kitu kinachotoka haraka, akaandika bei chini yake, akaituma kwa wateja katika groupe ya duka. Juma la kwanza ilikuwa kichekesho. Audio ya Marie-Jeanne ilifika, na duka nzima ikaisikia: "Hadassa mutoto yangu, miye niliona sabuni ya manjano na macho yangu mawili. Hii ya buluu mumeniletea ni ya kufulia nguo ya basoda wa kambi? Nani atanawisha mutoto na hii?" Hadassa akaelewa kwamba picha ni ahadi. Toka pale, kila siku ya kwanza ya juma alizunguka depot, ghala yao, akapiga picha za vile vilivyopo tu, na kitu kikiisha anaondoa picha yake. Commande za wateja zilifungwa katikati ya juma. Mutu analipa kwa téléphone yake, basi Phinées habebi tena feza njiani. Kwa Marie-Jeanne alituma plaque ndogo ya jua ya kuchaji téléphone, sababu kule Oicha courant ya umeme ilikuwa hadisi tu. Na mutu wa Kalunguta asiye na téléphone ya maana, Hadassa alimupigia jirani wake.

Nyuma ya miezi kidogo, hata Jokébed aliona. Dyna haikuzunguka tena ovyo. Ilikwenda imejaa, ikarudi na muchele au kakao ya watu, siku moja katika juma. Tantine aliuzwa. Phinées alikuwa anakula nyumbani, na ulcère yake, kidonda cha tumbo kilichokuwa kinamukunja kila akikosa kula barabarani, ilianza kutulia.

Hadassa alikuwa na sheria moja, na hakuicheka. "Client ajue bei, ajue muzigo yake. Saa ya gari, njia ya gari, nani iko ndani ya gari: hapana. Ikifika, njo tunasema imefika."

Hamisi aliipenda sana ile sheria. Hamisi alikuwa transporteur wa Beni, mwenye gari za mizigo, rafiki wa marehemu baba yao, na Phinées alikuwa analala kwake kila safari. Siku moja alipita Butembo, akanywa chai pale dukani, akasema: "Huyu mutoto iko na akili. Miye hata bibi yangu Yasmine namuambiaka nitatoka kesho, kumbe natoka leo. Ananikasirikia. Lakini ananikasirikia niko muzima."

Jokébed alicheka na yeye. Aliitikia kwa kichwa. Aliielewa sheria, na dukani hakuivunja hata mara moja. Mutu akiuliza "gari inatoka lini?", alijibu "Mungu akipenda", akamupimia chumvi.

Lakini alikuwa na groupe nyingine.

Katika kanisa yao, wamama hawaombi hivi hivi. Mama akisimama akisema "Muniombee na mutoto," Mama Orpa, kiongozi wa waombaji, anamukatiza pale pale. "Mutoto gani? Jina yake nani? Iko wapi? Inamuuma fasi gani? Utaenda kwa docteur useme 'ninaumwa', kisha unyamaze?" Wamama wanacheka, na yule mama anasema yote, jina, fasi, saa, ugonjwa, na kanisa inaomba juu ya kila neno moja moja. Ndivyo walivyofundishwa tangu wasichana. Maombi ya jumla-jumla waliyaona kama barua isiyo na adresse.

Zamani maneno yale yalibaki katika kuta za kanisa. Wamama walijuana, hata viatu vyao walivijua. Kisha Ebola ilifika, tukakatazwa kushikana mikono na kujaa fasi moja, na Mama Orpa akahamisha maombi katika téléphone. Ebola ilipokwisha, groupe ilibaki. Ilikuwa inakua. Mutu akikutana na mwenzake kwenye matanga, anamuingiza. Dada wa Goma aliingia, shemeji wa Kampala aliingia, na namba zingine zenye picha ya maua tu, hakuna aliyejua ni nani. Mama Orpa alifurahi. "Siye ni bengi sasa! Mbingu itasikia tu!"

Jokébed alijifunza kushika kale kamikro ka sauti katika téléphone na kidole na kusema. Phinées akitoka, yeye anatuma audio. Na majibu yanaanza kushuka: Amina ya Mabalako. Amina ya Kalunguta. Amina ya Kampala. Alikuwa anaona kama mutoto wake anatembea katikati ya mikono mingi inayomushika. Siku moja alijikuta anakula chakula cha muchana, na ugali inapita kooni, na Dyna iko barabarani. Ile haikuwa imemufikia tangu Phinées alipoanza kuendesha.

Hadassa aliuliza mara moja. Alikuwa anahesabu maboksi ya biskuti, akauliza bila kuinua kichwa.

"Mama, mule katika groupe yenu, munasemaka nini?"

"Tunaomba."

"Najua munaomba. Ninauliza munasema nini."

"Hadassa. Duka yako iko hapa. Kanisa yangu iko kule. Miye sikuingia katika picha zako za sabuni. Weye niachie kanisa yangu."

Mutoto wa watu wetu haendelei kubishana na mama juu ya maombi. Hadassa akarudi kwenye biskuti.

Na Jokébed hakusema vile kwa kiburi. Aliamini. Kwake duka ilikuwa nyumba moja, kanisa nyumba nyingine, na katikati kuna barabara na mulango wa kila moja. Hakuna aliyekuwa amemuonyesha kwamba ndani ya téléphone hakuna ukuta.

Siku yenyewe, Phinées alikuwa amelala Beni kwa Hamisi. Asubuhi akapiga téléphone. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Mama, tumbo ilinisumbua. Nimekunywa dawa. Sasa iko afazali."

"Baki pale. Lala."

"Nikibaki, muzigo inabaki. Batu ba Oicha balilipa tayari. Na mvua inakuja, kama inanikuta mbele ya Mbau, gari itazama."

"Unatoka saa gani?"

"Hadassa alisema hatusemake saa."

"Miye njo nani? Miye njo client?"

Phinées akacheka, cheko la mutu anayeshika tumbo. "Saa ine, mama. Natoka saa ine. Usimuambie Directeur Général."

Jokébed alifunga mulango wa duka. Aliingia nyuma ya magunia. Akapiga magoti, na téléphone mukononi, na alisema kama alivyofundishwa kusema:

"Bamama, bapendwa katika Bwana. Ninaomba mutusaidie. Mutoto yangu Phinées anatoka Beni saa ine, anaenda Oicha, barabara ya Mbau. Iko na Dyna ya buluu, iko na Maliro, mupakiaji wake. Amebeba sukari, sabuni na mafuta. Na tumbo inamuuma, bamama, iko na ulcère, asubuhi amekunywa dawa. Bwana amufunike na damu yake, macho ya adui isimuone. Amina."

Amina zikashuka. Mama Orpa aliweka picha nyingi za mikono ya kuomba, musururu muzima. Jokébed akafungua mulango, akapima sukari.

Nyuma ya saa za muchana, audio ya Marie-Jeanne ikafika katika téléphone ya Hadassa. Haikuwa na utani. "Hadassa, gari yetu iko wapi? Fuso ya mbao imefika. Teksi ya Beni imefika. Siye tunaona bengine tu."

Hadassa akamupigia Phinées. Ilikuwa inaita, inaita. Akapiga tena, ikawa haiiti tena. Akamupigia Maliro, yule mupakiaji aliyekuwa anasafiri na Phinées kila juma. Hakuna. Mama alikuwa amesimama katikati ya duka na kipimo cha sukari mukononi, na mteja mbele yake hakuthubutu kuomba sukari yake.

Aliyepiga alikuwa Hamisi. Hakutoa salamu. "Gari imechomwa. Mbele ya Mbau. Ndani hamukuwa mutu. Mumeelewa? Hamukuwa mutu ndani. Balibapeleka katika pori."

Kesho yake Maliro akafika Butembo juu ya moto, pikipiki ya kukodi. Alikuwa ametoroka. Miguu yake ilikuwa imevimba, na shati haikuwa yake. Uwa wa nyumba ulikuwa umejaa watu tayari, wamama wa kanisa wanaimba pole pole, wanaume wamekaa juu ya bidoni za maji. Wote wakamugeukia Maliro waseme naye, na Maliro akawa anaangalia chini. Jokébed akamushika mukono, akamuingiza dukani, nyuma ya magunia.

"Sema."

"Mama, nipumzike kwanza."

"Maliro. Sema."

Maliro akajifuta uso na ile shati. "Fuso ya mbao ilikuwa mbele yetu. Niliiona inapita. Bale ba pori balikuwa balilala katika majani, bakaiacha ipite. Siye tulipofika, bakasimama. Hata kupiga masasi ya bunduki hapana. Balisimama tu, sawa batu banangojea gari yao."

"Kisha?"

"Balishusha muzigo."

"Kisha, Maliro."

Maliro akaangalia ukuta. "Mumoja alifungua mulango wa chauffeur. Akasema: 'Weye wa ulcère, shuka. Pole na tumbo.' Na bengine bakacheka." Akajifuta uso tena. "Phinées akanigeukia. Akaniuliza: 'Maliro, ulimuambia nani tumbo yangu?' Njo neno nilisikia kwake ya mwisho, mama. Bakatutia mizigo juu ya kichwa. Yeye balimupeleka mbele, miye nyuma na sukari. Tulipovuka muto nikajiachia katika maji. Mama, miye sikumuambia mutu. Naapa mbele ya Mungu. Hata bibi yangu hajui ile tumbo."

"Najua," Jokébed akasema.

"Juu yeye anafikiri ni miye. Kule iko, anafikiri ni miye."

"Najua, Maliro. Si weye."

Alimupa maji. Alimupa na mukate. Alimufungulia mulango wa nyuma apite bila watu. Kisha akabaki pale kati ya magunia, na wamama inje wanaimba, na magoti yake hayakukubali kukunjika.

Hamisi na Yasmine walifika kutoka Beni kutoa pole. Yasmine akaenda kukaa na wamama. Hamisi akawaita Jokébed na Hadassa kando, akatoa téléphone yake, akaiangalia muda murefu kama kitu kinachouma.

"Mama Phinées, nisamehe. Lakini inapashwa usikie kwangu kwanza, kabla ya kusikia kwa bengine."

Akabonyeza. Na sauti ya Jokébed mwenyewe ikatoka pale: Bamama, bapendwa katika Bwana. Yote ilikuwemo, saa, barabara, rangi ya gari, sukari, ulcère. Juu ya ile audio kulikuwa kaalama kadogo, na Hadassa akakasoma kwa sauti iliyokauka: imetumwa tena mara nyingi.

"Ilinifikia miye katika groupe ya bachauffeur," Hamisi akasema. "Mutu wa Bunia njo aliitupa mule, akaandika 'tuombee ndugu yetu'. Moyo muzuri tu. Ilifika Phinées iko bado kwangu anafunga bâche juu ya muzigo. Lakini téléphone niliiacha kwa charge, nilikuwa kwa fundi wa mapneu ya gari. Kama ningeisikia, ningelala mbele ya gari yake."

"Nilikuwa ninaomba," Jokébed akasema.

"Najua, dada yangu. Na Mungu alisikia. Shida ni wale bengine balisikia pia."

Hadassa hakusema neno. Ndiyo ilimuuma Jokébed kupita yote. Angetukanwa na mutoto wake siku ile, angeshukuru. Mama akainuka na téléphone yake mukononi, akaanza kwenda upande wa choo.

"Mama, unaenda wapi?"

"Kuitupa. Inywe mavi. Na yako ulete, na ile ya duka. Ulituletea shetani ndani ya nyumba na picha zako za sabuni!"

Hadassa akasimama mbele yake. Machozi yalikuwa yanashuka lakini sauti haikutetemeka. "Mama. Yaya akiponyoka, akifika fasi kuna mutu, ataomba téléphone. Atapiga namba gani? Anajua namba moja tu katika kichwa yake. Ni hiyo."

Jokébed aliangalia ile téléphone. Akarudi, akaitia kwa charge.

Alikwenda kwa Mama Orpa na miguu. Orpa alisikia yote, akalia, akajipiga kifua, akafuta audio katika groupe pale pale mbele yake. Mahali pake pakabaki mustari mumoja tu wa kusema ujumbe umefutwa. Lakini Bunia haikufutika. Goma haikufutika. Hata mutu wa Kampala alikuwa bado anajibu Amina, siku zile, kwa maombi ya gari iliyokwisha kuwa jivu.

Duka ilifunguliwa tena, sababu chumvi haingoji matanga ya mutu. Hadassa aliendelea na picha, na mizigo ilipita katika gari za Hamisi, leo hii, kesho ile, bila mutu kujua. Watu wengine walisema, huyu musichana hana moyo. Jokébed aliwajibu: "Picha haikusema saa. Miye njo nilisema." Wakachukua chumvi yao, wakatoka.

Miezi ikapita. Kisha siku moja Marie-Jeanne mwenyewe akaingia dukani. Yule mama munene wa Oicha, aliyejulikana kwa sauti tu, alikuwa amesafiri barabara nzima, na vumbi ilikuwa bado juu ya kitambaa chake. Hakutuma audio. Aliingia, akaangalia nyuma, akafunga mulango, akaleta mudomo wake karibu na sikio la Jokébed.

"Kuna binti alitoka kule katika pori. Alifika kwetu na mutoto mugongoni. Anasema kule alimuacha chauffeur mumoja wa Butembo, anabebeshwa mizigo. Tumbo inamuuma. Lakini anatembea."

Jokébed akamushika mabega. "Wapi? Upande gani?"

Marie-Jeanne akamuambia upande gani, na muto gani. Akamuambia na kwamba basoda, askari wa serikali, wanajua, wanatayarisha kitu. "Nimekuja na mwili yangu, juu hii neno haipite katika téléphone. Kule pia bako na téléphone. Bakisikia tunajua fasi yao, batahama, na bale banatembea pole pole babaachaka njiani. Unaelewa vile nasema 'babaachaka'?"

Alielewa: wanawaua. "Wasingya," akamuambia na Kinande, asante ya mutu asiye na nguvu ya kusema nyingine.

Aliiweka ile habari katika kifua kama mutu aliyemeza kaa la moto. Hadassa alijua, yeye alijua, basi.

Lakini uso wa mama unasema. Siku ya Mungu, kanisani, Mama Orpa alimuona, akajua kuna kitu. Maombi yalipofika, akasimama mbele, akanyoosha mukono. "Mama Phinées ainuke. Mama, leo uso yako ni ingine. Umesikia habari? Simama, utuambie, tuombe. Yuko upande gani? Tuombe na jina, tuombe na fasi."

Kanisa nzima ikageuka. Walikuwa wamefunga kula kwa ajili ya Phinées. Walikuwa wamemuletea kuni, unga, mafuta. Walimupenda. Na kulikuwa na téléphone nyingi zimeinuliwa kati ya viti, zinachukua video ya ibada kwa ajili ya wale walio mbali.

Jokébed akasimama. Mudomo wake ulifunguka, na jina la ule muto lilikuwa pale juu ya ulimi. Maisha yake yote alikuwa hajui kuomba bila kusema fasi.

"Muombe," akasema.

"Tuombe nini, mama?"

"Muombe tu. Mungu anamujua."

"Lakini siye tutaomba namna gani bila kujua?"

Jokébed akakaa. Manung'uniko yakapita katika viti. Nyuma yake mama mumoja akasema, si pole pole sana: "Amekata tamaa, masikini. Imani imemuisha." Orpa akaomba, lakini aliomba kwa sauti ya mutu aliyefungiwa mulango.

Ibada ilipokwisha, Jokébed alitoka haraka, asisalimiane na watu. Pale kwenye ngazi za kanisa kulikuwa mama mumoja kijana, Abigaïl, muke wa mwalimu. Alikuwa ameinamia téléphone yake, kidole juu ya kamikro, macho amefunga.

"Bapendwa," alikuwa anasema, "muniombee na bwana yangu, anatoka sasa hivi Beni na pikipiki nyekundu, anapitia..."

Jokébed akatia mukono wake juu ya téléphone, juu ya vidole vya yule mama, akaifunika yote.

Abigaïl akafungua macho. "Mama Phinées, ninaomba!"

"Najua."

"Niachilie! Anatoka sasa hivi! Munataka aende bila maombi?"

Watu walikuwa wanashuka ngazi, wanasimama, wanaangalia. Mama Orpa alikuwa anaita kutoka mulangoni, ni nini, kuna nini pale. Abigaïl alikuwa anavuta, na alianza kulia kwa woga, woga ule ule ambao Jokébed aliujua katika mifupa yake. Alikuwa anamuangalia Jokébed kama vile angemuangalia mutu anayemuua bwana yake.

Jokébed hakuondoa mukono.